Nyumba ya kwanza: karatasi ilale kwako kabla fedha haijatoka



Mnada wa mwisho wa ufuta umepita, fedha zimeingia kwenye akaunti, na simu ninazopigiwa zimeshabadilika. Mwezi wa tatu mlikuwa mnaniuliza habari za wadudu na palizi. Sasa hivi mnaniambia: "Bwana shamba, kuna nyumba inauzwa pale senta. Vyumba vitatu, bati jipya, mbele ina fremu ya duka. Muuzaji ana haraka. Twende ukawe shahidi."

Ushahidi huo huwa naukataa, hata kwa watu tunaoheshimiana sana. Nikienda nakuta fedha ziko mezani, karatasi imeshaandikwa, mwenyekiti ameshapiga muhuri, na mnunuzi mwenyewe hajaisoma. Mimi natakiwa niongeze jina na namba ya simu tu. Shahidi wa namna hiyo ameshuhudia nini? Ameona noti zinahesabiwa, basi.

Mimi si wakili, na ukiwa na wakili msikilize yeye. Lakini nimekaa vijijini muda wa kutosha kuona nyumba zinavyopotea, na maoni yangu ni haya: wengi wanaumizwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba wanaiona karatasi kwa mara ya kwanza siku ile ile wanayotoa fedha. Karatasi ya mauziano ilale kwako kwanza. Siku saba si nyingi. Isomwe nyumbani, isomwe tena mbele ya mke au mume, isomwe na yule mtoto aliyemaliza kidato cha nne, halafu ipelekwe kwa mtu anayejua sheria. Muuzaji anayekataa kukupa nakala ukaisome nyumbani ameshakuambia jambo muhimu kuhusu nyumba yake.

Tazama unavyopeleka ufuta ghalani. Unasimama kwenye mizani, unatazama namba mwenyewe, unahesabu magunia, na huondoki bila stakabadhi. Kilo mbili zikipungua unagomba mpaka katibu wa AMCOS anatoka ofisini. Halafu mtu huyo huyo anachukua milioni 9, jasho la misimu minne, anazitoa kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, na anaiweka mfukoni bila kuifungua. Sijui kwa nini kwenye gunia tunakuwa wakali na kwenye nyumba tunakuwa wapole. Nadhani ni aibu. Kusoma karatasi mbele ya muuzaji kunaonekana kama kumwita mwizi.

Kwanza tuelewane karatasi hiyo ni nini. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unaponunua nyumba unanunua jengo na unahamishiwa haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake. Karatasi mliyosaini wewe na muuzaji ni makubaliano yenu ninyi wawili. Ili haki ya ardhi ihame kweli, yuko mtu wa tatu ambaye lazima akubali, na mtu huyo anategemea nyumba iko kwenye ardhi ya namna gani. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza, kabla hata ya bei, ni hili: hapa tulipo ni ardhi ya kijiji, au ni eneo lililokwisha kutangazwa kuwa la mipango miji? Senta nyingi zinaonekana kama mji, zina taa na baa, lakini kisheria bado ni kijiji. Nyingine zilikuwa kijiji juzi na leo ni mamlaka ya mji mdogo. Usikisie. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ukaulize.

Kama ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Hapa mtu wa tatu ni halmashauri ya kijiji. Naomba usome polepole: halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Mtendaji peke yake si halmashauri. Mwenyekiti na mtendaji wakikaa na muuzaji chini ya mwembe, wakapiga muhuri, bado si halmashauri. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, inakaa kikao, inajadili, na maamuzi yake yanaandikwa kwenye muhtasari. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Batili maana yake ni kama hayakuwahi kufanyika, hata kama umeezeka bati na umechimba choo.

Yuko mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, alinunua nyumba ya vyumba viwili karibu na stendi katika kijiji kimoja ambacho sikitaji. Alikuwa na kila kitu mnachokiita kila kitu: karatasi ya mauziano, mashahidi wanne, muhuri wa mwenyekiti, hata picha ya simu akipeana mkono na muuzaji. Miaka mitatu baadaye mwenyekiti akabadilika baada ya uchaguzi, na mdogo wake muuzaji akaja na madai. Mama akaenda ofisi ya kijiji. Likatafutwa faili la mihtasari ya mwaka ule: nyumba yake haikuwahi kutajwa kwenye kikao chochote. Ule muhuri ulipigwa nyumbani kwa mwenyekiti jioni moja, na mwenyekiti huyo alikuwa ameshahama kijiji. Mama alitumia miezi kumi na nne kwenda na kurudi kwenye baraza, akafunga genge lake mara nyingi kuliko alivyolifungua, na mwisho wakaelewana nje ya baraza: akamlipa yule mdogo mtu kiasi kingine juu ya kile alichokwisha kutoa. Nyumba sasa ni yake, na safari hii imepita kwenye kikao. Ila aliinunua mara moja na nusu.

Kwa hiyo unapoambiwa "kijiji kinajua", jibu lako liwe la adabu: "Asante Mheshimiwa mwenyekiti, naomba basi nakala ya muhtasari wa kikao." Nakala hiyo iwe na tarehe, orodha ya wajumbe waliohudhuria, jina la muuzaji, jina lako, maelezo ya eneo na uamuzi wa kikao. Kama muuzaji ana hati ya hakimiliki ya kimila, omba kuiona ile halisi, kisha nenda masijala ya ardhi ya kijiji ulinganishe. Hati inaweza kuwa ya kweli na bado mwenyewe ameshaiweka dhamana benki. Halmashauri ina haki ya kukataa mauziano pia, hasa kama wewe si mkazi wa kijiji hicho, na ni heri ikukatae kabla hujalipa. Ukitozwa ada yoyote hapo ofisini, iwe kubwa au ndogo, dai stakabadhi ya serikali. Wengi mmezoea ile asilimia 10 ya mwenyekiti kana kwamba ni amri. Ulizeni imeandikwa wapi, na mwombe stakabadhi yake. Mara nyingi swali hilo peke yake linaipunguza.

Sasa nije kwenye sahihi za watu. Hili ndilo jambo linaloumiza zaidi, na ndilo linaloonekana dogo kwenye karatasi.

Nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke hawezi kuuza, kuweka rehani wala kumpa mtu nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Ukinunua kwa mzee ambaye mkewe hakusaini, umenunua kesi. Usikubali maneno ya "mke wangu yuko shamba, anajua" au "tulishaachana". Kama yuko shamba, mtamsubiri arudi, shamba si Ulaya. Kama waliachana, kuna talaka iliyotolewa na mahakama; mwambie aionyeshe. Mke aliyerudi kwao kwa hasira miaka miwili iliyopita bado ni mke. Na huku kwetu muuzaji akiwa na wake wawili, uliza mke yupi anaishi kwenye nyumba hiyo, halafu kwa usalama wako wote wawili wasaini. Ridhaa iandikwe kwa sentensi inayoeleweka, na chini yake jina, sahihi au dole gumba, tarehe, na namba ya NIDA. Neno "shahidi" mbele ya jina la mke halitoshi. Shahidi ni mtu aliyeona, na aliyeridhia ni mtu mwingine. Nimeona karatasi ambayo mke aliandikwa shahidi wa tatu, baada ya dalali.

Upande wako pia usijisahau. Kama fedha za ufuta mlizitafuta wawili, mlipalilia wawili na kupepeta wawili, majina yawe mawili kwenye karatasi ya kununua. Wanaume wenzangu hapa huwa wananyamaza. Nanyamaza nao kidogo, halafu narudia: majina mawili.

Nyumba ya urithi ndiyo inayouzwa kwa bei nzuri kuliko zote, na sababu yake si siri. Baba amefariki, watoto wako sita, mmoja yuko hapa kijijini na ana shida ya fedha. Anakuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo uliompitisha yeye kuwa msimamizi. Muhtasari huo ni mwanzo wa safari tu. Kinachompa mtu mamlaka ya kushughulika na mali ya marehemu ni barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kwa mahakama ya mwanzo ni ile wanayoiita Fomu Namba 4. Omba kuiona. Andika namba ya shauri la mirathi, panda bodaboda mpaka mahakama iliyotoa, mwulize karani kama shauri hilo lipo na kama jina ni lile lile. Safari hiyo inaweza kukugharimu 10,000 na nusu siku. Halafu, hata msimamizi akiwa halali, tafuta warithi wengine. Wapigie simu wa Dar, wa Mtwara, na yule wa machimboni ambaye kila mtu anasema hajulikani alipo. Wasaini kwamba wamekubali. Mrithi aliyeachwa nje huwa anakumbuka nyumba ya baba yake siku anayoona umeipaka rangi.

Kuna mtego mwingine ambao sijauona ukisemwa vya kutosha, nao ni mkopo uliovalishwa kanzu ya mauziano. Mtu ana mgonjwa hospitali au ada ya mtoto, anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Mkopeshaji hataki karatasi ya mkopo. Anamwambia asaini karatasi ya kuuza nyumba, "ni dhamana tu, ukirudisha tunaichana". Akichelewa, nyumba inatangazwa, na wewe mwenye fedha za ufuta unaletwa kama mnunuzi wa pili. Muuzaji wako hajawahi kulala kwenye nyumba hiyo hata usiku mmoja, na karatasi aliyonayo ina miezi mitano. Ukikutana na hali hiyo, mtafute mwenye nyumba wa kwanza, umsikilize bila mkopeshaji kuwapo. Akikuambia kwamba alikopa, ondoka. Na wewe unayetaka kukopa, usiweke sahihi kwenye karatasi ya kuuza kitu ambacho huuzi. Karatasi inasema kilichoandikwa. Kile mlichoambiana mlangoni hakimu hatakisikia.

Kama nyumba iko kwenye kiwanja kilichopimwa, mambo yanakuwa marefu zaidi lakini pia yanakuwa wazi zaidi. Hapo sheria ni ile namba 4 ya mwaka 1999, na kiwanja kina namba, kitalu, ramani na bikoni. Chukua namba hizo kwa muuzaji, nenda ofisi ya ardhi, lipa ada kwa namba ya malipo ya serikali, omba wakufanyie upekuzi wa kumbukumbu. Utajua mmiliki ni nani, kama kuna rehani, kama kuna zuio lililowekwa na mke au na mdai, na kodi ya ardhi inadaiwa miaka mingapi. Hati yenyewe ina muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo tazama imebakiza mingapi. Uhamisho wa hati una fomu zake, una uthamini, una kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni mzigo wa muuzaji, na una ushuru wa stempu. Kabla ya kukubaliana bei, andikeni nani analipa kipi. Nimeona bei nzuri ya milioni 14 ikigeuka mbaya kwa sababu muuzaji alishakula fedha zote na kodi yake ikabaki kwa mnunuzi anayetaka hati iandikwe jina lake. Kwa nyumba ya namna hii wakili si anasa. Mlipe.

Tuje kwenye karatasi yenyewe, uisome nami.

Majina yote yalingane na vitambulisho vya NIDA, herufi kwa herufi. Bakari Saidi na Said Bakary wanaweza kuwa mtu mmoja kijijini na watu wawili barazani. Nyumba ielezwe kiasi kwamba mgeni aliyeshuka kwenye basi angeweza kuifikia: kijiji, kitongoji, vyumba vingapi, ukuta wa nini, imeezekwa nini, na majirani wa pande zote nne kwa majina yao. Majirani hao wawepo siku ya kupima na wasaini. Hapa ndipo mimi bwana shamba nakubali kuja, kwa sababu nina futi. Eka tumezoea kuipima hatua 70 kwa 70, na wote tunajua hatua za muuzaji na hatua za mnunuzi hazilingani. Kwenye shamba hatua moja si kitu. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25, mita moja upande mmoja inaweza kuwa ndiyo choo chako. Andikeni mita, na chooni pia mpime, maana nimeona nyumba inauzwa na choo kiko kwa jirani.

Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Kama unalipa kwa awamu, tarehe za kila awamu ziwemo, na iandikwe kitakachotokea ukichelewa. Karatasi nyingi ninazoletewa zinasema "akishindwa kulipa kwa wakati, fedha alizotoa zimepotea". Yaani ukilipa milioni 7 kati ya 9, mvua ikanyesha vibaya, umechangia milioni 7 kwa muuzaji. Sentensi hiyo inaweza kufutwa kabla hamjasaini, na nyingine ikawekwa: mtaongezeana miezi mingapi, au utarudishiwa kiasi gani. Muuzaji akikataa kabisa, basi usinunue kwa awamu. Kishika uchumba cha mwanzo kiwe kidogo, na kiwe na karatasi yake yenye tarehe. Fedha kubwa ipite benki. Noti mezani hazina kumbukumbu.

Iandikwe siku ya kukabidhiwa nyumba, na nani yumo ndani leo. Kama kuna mpangaji aliyelipa miezi sita mbele, kodi yake ameshakula muuzaji na wewe utamkuta amejifungia na risiti yake. Ana haki. Iandikwe pia kwamba muuzaji anathibitisha nyumba haina deni, haina rehani, haina mgogoro, na kwamba akijitokeza mwenye madai ya kweli, yeye muuzaji atarudisha fedha na gharama. Karatasi za madalali zinapenda kuandika kinyume chake: "baada ya mauziano haya muuzaji hatahusika na jambo lolote." Mkiona maneno hayo mnaguna tu na kusaini. Sentensi fupi kama hiyo inamfungulia muuzaji mlango wa nyuma.

Nafasi zilizo wazi zipigwe mstari. Kila ukurasa uwekewe sahihi, si wa mwisho tu. Nakala ziwe nne, zote zenye sahihi za kalamu: yako, ya muuzaji, ya ofisi ya kijiji, na ya mtu unayemwamini anayeishi mbali na hapo. Yako usiiweke juu ya dari. Mchwa wanaokula mahindi yako hawachagui, na nimeshaona hati ya hakimiliki ya kimila ikibaki muhuri na pembe mbili. Mfuko wa nailoni, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, na picha kwenye simu ya mtoto aliye mjini.

Karatasi ikiletwa kwa Kiingereza, irudishe. Nasema hivyo bila kupepesa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na hakuna sababu ya mzee wa Nachingwea kuuziana nyumba na mzee mwenzake wa Nachingwea kwa lugha ambayo wote wawili hawaioti usiku. Wengine wanaona Kiingereza kinaipa karatasi uzito. Uzito huo unaubeba wewe. Na kama husomi, hilo si aibu wala si kizuizi: karatasi isomwe kwa sauti mbele yako na mtu wako, si wa dalali, na iandikwe chini kwamba fulani alimsomea fulani naye akaelewa, ndipo uweke dole.

Najua mtakachoniambia, maana nimeshaambiwa. "Bwana shamba, fulani alinunua kwa karatasi ya daftari mwaka 2009 na hajasumbuliwa mpaka leo." Kweli. Na kuna aliyepanda ufuta bila kupanga mistari akapata. Wengine wanategemea ile miaka 12, kwamba madai ya ardhi yakikaa muda huo bila kupelekwa mbele ya sheria yanakufa. Muda huo upo kisheria, ila kulala miaka 12 jicho moja likiwa wazi, unaogopa kujenga chumba cha pili, hiyo si raha ya nyumba.

"Sisi tunaaminiana." Vizuri, na endeleeni. Lakini muuzaji mnayeaminiana naye atakufa, nawe utakufa, na watoto wenu hawakuwepo mlipoaminiana. "Wakili ni ghali." Hapo nakubaliana nanyi kwa nusu. Kwa nyumba ya milioni 9, laki moja au mbili za wakili ni kubwa ukizitazama peke yake. Zitazame kando ya miezi 14 ya yule mama wa dagaa. Na kama kweli huna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ya wilaya. Mgogoro ukitokea, baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, hukumu ni ya baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Tumieni usuluhishi huo vizuri, maana nauli ya wilayani inakula kuliko panya.

"Muuzaji ana haraka, kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho." Huyo mnunuzi wa kesho namfahamu. Amekuwa akija kesho kwenye kila nyumba tangu nianze kazi. Mara moja moja huwa wa kweli, na nyumba inakwenda kwake. Iende. Fedha yako iko benki, na msimu wa korosho bado haujafungua. Nyumba zitauzwa tena mwezi wa kumi na mbili.

Nimalizie na jambo linalohusu kazi yangu moja kwa moja, maana limeniletea wageni watatu ofisini mwaka huu. Nyumba nyingi za huku zina miti uani. Mikorosho minne, mnazi, embe, pengine kisima. Kwa mila zetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine: shangazi alipanda, kaka akajenga. Kwa hiyo karatasi itaje miti kwa idadi na kwa aina, iseme imeuzwa pamoja na nyumba au haikuuzwa, na kama kuna mtu mwingine mwenye mti wake, naye asaini. Andikeni pia nani anaokota korosho za msimu huu kama mnauziana mwezi wa tisa maua yakiwa yameshatoka, na nani atalipia salfa iliyokwisha kupulizwa. Mkitaka niwahesabie miti na kuwapimia uwanja, leteni rasimu siku yoyote ya kazi asubuhi, ikiwa bado haina sahihi ya mtu.